Bibi wa Majina Mawili: Khabari ya Constance Lytton

Mwaka 1914 kilichapwa London kitabu cha mwanamke aliyefungwa jela, na juu yake pameandikwa majina mawili: Constance Lytton na Jane Warton. Asiyejua hudhani kimetungwa na watu wawili. Kumbe mtungaji ni mmoja, na sababu ya kuwa na majina mawili ndiyo iliyotupa hamu ya kumweleza ndugu msomaji khabari zake.

Bibi huyu alizaliwa Vienna mwaka 1869, katika ukoo mkubwa wa Kiingereza. Babake, Robert Lytton, alikuwa makamo wa Malkia katika Bara Hindi tokea mwaka 1876 hata 1880, na mtoto alipitisha huko sehemu ya utoto wake katika majumba ya enzi. Ilikuwa ni miaka ile ile ambayo njaa iliua mamilioni ya watu wa nchi hiyo, na babake asiache kufanya sherehe kubwa mjini Delhi mwaka 1877 ya kumtangaza Malkia Victoria. Tumelitaja jambo hili kwa kuwa njaa itarudi katika khabari yetu, kwa sura nyingine.

Babake alipofariki mwaka 1891, yeye alibaki nyumbani na mamake. Hakuolewa. Alikuwa mpole, mwenye haya, na moyo wake ulikuwa mgonjwa. Alikaribia miaka arubaini ndipo alipokutana na wanawake waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura, na mwaka 1909 akajiunga nao.

Februari mwaka huo alikwenda nao Bungeni, akakamatwa, akafungwa mwezi mmoja katika jela ya wanawake ya Holloway. Wenziwe walitiwa vyumbani; yeye akawekwa upande wa wagonjwa. Aliona wazi kuwa anatunzwa kwa jina la babake, naye akachukia. Akaomba apelekwe kwa wenziwe, asisikizwe. Basi akachukua sindano akaanza kujichora kifuani kwa damu herufi za madai yao. Alipomaliza herufi ya kwanza walinzi wakagundua. Sisi hatumsifu mtu kwa kuujeruhi mwili wake, wala hatuoni kuwa kujinyima chakula hata kufa ni njia ya kufuatwa. Lakini mwenye insafu na aitazame dhulma iliyomfikisha hapo.

Oktoba alifungwa tena, mjini Newcastle, kwa kuvurumisha jiwe. Wafungwa wale walikataa kula, na kwa wakati huo serikali ilikwisha anza kuwalisha kwa nguvu. Bibi Constance alipimwa moyo kwa uangalifu, kisha akafunguliwa baada ya siku chache. Wenziwe wasio na majina makubwa walilishwa kwa mpira. Serikali ikasema kuwa kilichomtoa ni ugonjwa, si cheo.

Akaazimia kulijaribu neno hilo. Alikata nywele zake, akavaa miwani na nguo za rakhisi zisizompendeza, akajiita Jane Warton, mshonaji. Januari 1910 aliongoza watu mbele ya jela ya Walton, Liverpool, akakamatwa, akahukumiwa siku 14 na kazi ngumu. Moyo ni ule ule na ugonjwa ni ule ule. Kilichobadilika ni jina na kanzu.

Alikaa siku nne bila ya kula. Siku hiyo daktari akaja na walinzi wa kike, wakamshika mikono, miguu na kichwa. Hapana aliyetangulia kuupima moyo wake. Alipofumba kinywa, kilipanuliwa kwa chuma, mpira ukateremshwa mpaka tumboni, na chakula kikamiminwa upesi upesi, naye akatapika. Yule daktari alipokwisha kazi yake alimpiga kofi shavuni, akaondoka, akimwacha amelowa matapishi mwili na nguo. Alilishwa hivyo mara 8. Wala hakufunguliwa mpaka ilipoanza kushukiwa kuwa huyu si Jane, na dadake akaja kumchukua.

Nduguye, aliyerithi cheo cha baba, aliwakabili wakubwa wa serikali ataka uchunguzi, nao wakakanusha kosa. Afya ya bibi haikurudi tena. Mwaka 1912 alipatwa na kiharusi, mkono wake wa kulia ukapooza. Basi kitabu kile, pamoja na yote aliyoyaona kwa wafungwa wanyonge na walinzi wao, alikiandika kwa mkono wa kushoto.

Mwaka 1918 wanawake wa Uingereza walipewa kura, ila kwa sharti: awe ametimiza miaka 30, na awe na nyumba au mali, au mume mwenye nayo. Wanawake wa daraja ya Constance wakaingia. Washonaji vijana masikini, wa daraja ile ya Jane Warton, walingoja mpaka mwaka 1928. Na bibi mwenyewe alikwisha fariki tarehe 2 Mei 1923, naye ana miaka 54.