Lumumba, mbunge wa Kisangani

Wanafunzi wengi wa chuo chetu wanajua kifo cha Patrice Emery Lumumba kuliko wanavyojua kazi yake. Ukiwauliza habari zake watakutajia Katanga, tarehe 17 Januari 1961, na lile jino lililorudishwa kutoka Ubelgiji. Ni wachache watakaokuambia kwamba mtu huyo aliingia bungeni kwa kura za mji huu, wakati ulipokuwa bado unaitwa Stanleyville, na kwamba chama chake kilipata nguvu zake kubwa hapa kuliko mahali pengine popote katika Kongo. Katika makala haya ninafuata maisha yake kwa njia hiyo moja, njia ya chama na ya kura. Naona hapo ndipo Kisangani ina sehemu yake katika historia hii, na hapo ndipo linatokea swali ambalo bado linatuhusu: wananchi wakishachagua, nani analinda walichochagua?

Lumumba alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 huko Onalua, kijiji cha Watetela katika Sankuru. Alisoma kwa wamisionari, kwanza Waprotestanti wa Kimethodisti, kisha Wakatoliki, wala hakufika mbali katika masomo ya darasani. Mengi aliyoyajua baadaye aliyapata kwa kujisomea mwenyewe. Alipita Kindu akitafuta kazi, na mwaka 1944, akiwa kijana wa miaka 19, akafika Stanleyville. Baadaye alipelekwa Léopoldville kusomea kazi ya posta, akawa karani wa posta. Mwaka 1951 alimwoa Pauline Opangu. Isipokuwa vipindi vifupi, mji huu ulikuwa makao yake hadi alipotimiza miaka 31, na ndio uliomfanya kuwa mtu wa watu.

Sisi tunaosoma lugha tuna sababu ya kusimama hapa kidogo. Lugha ya mama yake ilikuwa Kitetela. Katika Kongo ya wakati ule mtu aliyetaka kusikilizwa nje ya nyumbani kwake alihitaji lugha za watu wengi, na Lumumba alizungumza Kifaransa, Kilingala, Kiswahili na Kiluba cha Kasai. Kisangani ni mahali ambapo Kiswahili kinachotoka mashariki kinakutana na Kilingala kinachopanda na mto. Mtu akikaa hapa miaka kumi, akifanya kazi ya posta ambako kila kabila hupita kuleta barua na kutafuta fedha zilizotumwa, anajifunza kusema na wote. Walokele, Watopoke, Wambole, Wakumu, Wababoa, Wagenia na wageni kutoka Maniema walikuwa wakiishi mtaa mmoja. Watetela hawakuwa wengi. Hakuna aliyeweza kuongoza mji huu kwa kutegemea ndugu wa ukoo wake peke yao.

Siasa ya vyama ilikuwa bado haijaruhusiwa. Kilichoruhusiwa ni mashirika: ya wanafunzi wa zamani wa misheni fulani, ya watu wa kabila fulani, ya wafanyakazi wa serikali. Lumumba alijiunga na mengi, na kila alipoingia hakuchelewa kupewa kazi ya kuandika au ya kuongoza. Aliongoza shirika la Wakongo waliosoma wa Stanleyville, wale ambao Wabelgiji waliwaita évolués, na pia shirika la wafanyakazi wa posta, ambalo alilianzishia jarida lake. Aliandika katika magazeti ya Wakongo ya Léopoldville. Alisaidia katika maktaba ya mji, na mwaka 1952 alimsaidia mtafiti Mfaransa, Pierre Clément, aliyekuja kuchunguza maisha ya watu wa Stanleyville. Humo ndimo alimojifunza kuitisha mkutano, kuandika taarifa, kuhesabu kura za wanachama na kutunza daftari la majina. Mambo haya yanaonekana madogo, lakini chama kinajengwa kwa hayo.

Wakati huo hakuwa bado mpinzani wa Wabelgiji. Aliomba karatasi ya kumtambua kuwa raia aliyeendelea, akanyimwa mwanzoni, akapewa mwaka 1954. Mfalme Baudouin alipotembelea Stanleyville mwaka 1955, Lumumba alipata nafasi ya kuzungumza naye. Mwaka 1956 alipelekwa Ubelgiji pamoja na Wakongo wengine, na aliporudi akakamatwa kwa kuchukua fedha za posta. Alihukumiwa, akafungwa hadi Septemba 1957. Gerezani aliandika kitabu kuhusu hali ya Kongo, kilichochapishwa tu baada ya kufa kwake, na ndani yake bado anatumaini kwamba Wabelgiji na Wakongo wataweza kuishi kama watu wa nyumba moja.

Alipofunguliwa alihamia Léopoldville akafanya kazi ya kuuza bia. Aliingia katika mji ambao siasa yake ilikuwa na wenyewe. ABAKO, chama cha Kasa-Vubu, kilikuwa kimeanza mwaka 1950 kama shirika la kulinda lugha na desturi za Wakongo wa Bas-Congo. Mwaka 1957, Wabelgiji waliporuhusu uchaguzi wa komini katika miji mitatu, ABAKO ilishinda Léopoldville. Shirika la lugha likawa chama cha siasa. Vyama vingi vilivyofuata vilikwenda njia hiyo hiyo, na majina yake yanaonyesha: BALUBAKAT kwa ajili ya Waluba wa Katanga, CONAKAT kwa ajili ya mashirika ya makabila ya Katanga. Tarehe 10 Oktoba 1958 Lumumba na wenzake walianzisha chama cha namna nyingine, Mouvement National Congolais, yaani MNC, ambacho hakikutaja kabila wala jimbo katika jina lake. Desemba mwaka huo alikwenda Accra kwenye mkutano wa watu wa Afrika yote, akarudi akidai uhuru bila kungoja.

Nisieleze kama kwamba chama hicho kilikuwa kitu kimoja daima. Julai 1959 kiligawanyika, na Albert Kalonji akatoka na upande wake, uliotegemea zaidi Waluba wa Kasai. Tangu hapo watu walisema MNC-Lumumba na MNC-Kalonji. Chama kilichokataa ukabila kilianza kupoteza watu kwa ajili ya ukabila kabla ya kufikisha mwaka mmoja.

Mwishoni mwa Oktoba 1959 MNC-Lumumba ilifanya mkutano wake mkuu hapa Stanleyville. Askari waliingilia, ghasia zikatokea, watu wakapigwa risasi na kufa. Tarehe 1 Novemba Lumumba alikamatwa. Mwezi uliofuata kulikuwa na uchaguzi wa komini, na chama chake, kilichokuwa hakitaki kushiriki, kikabadili nia. Kiongozi alikuwa kifungoni, na chama kikapata karibu asilimia 90 ya kura za mji. Januari 1960 mahakama ilimpa kifungo cha miezi sita, akapelekwa katika gereza la Jadotville, mji tunaouita sasa Likasi. Lakini huko Brussels wajumbe wa vyama vya Kongo walikuwa wamekaa na Wabelgiji kwenye Meza ya Mviringo, wakataka Lumumba awepo. Alifunguliwa, akapandishwa ndege, akafika mkutanoni. Tarehe ya uhuru ikawekwa: 30 Juni 1960. Mimi naona kura za Kisangani zilikuwa sehemu ya funguo zilizofungua mlango ule, maana kufanya mazungumzo bila mtu ambaye mji mzima umemchagua akiwa ndani kungekuwa kazi bure.

Uchaguzi wa bunge ulifanyika Mei 1960. Walipiga kura wanaume tu. Bibi zetu waliimba, waliandamana, walipika chakula cha mikutano, lakini karatasi ya kura hawakupewa hadi mwaka 1967. Viti vya wabunge vilikuwa 137. MNC-Lumumba ilipata 33, ikawa ya kwanza. Katika Jimbo la Mashariki peke yake, ambalo Stanleyville ilikuwa makao yake makuu, ilichukua 21 kati ya viti 25. Lumumba mwenyewe alichaguliwa hapa, na Jean-Pierre Finant wa chama hicho akawa mkuu wa serikali ya jimbo.

Tutazame hesabu hizo kwa makini, kwa sababu mengi yaliyofuata yamo ndani yake. Nusu ya 137 na zaidi kidogo ni 69. Mwenye 33 ni wa kwanza, lakini hawezi kutawala bila wengine. Hapo kila jina la chama likawa na bei yake. CEREA ya Kivu, PSA ya Kwilu na BALUBAKAT walisimama karibu na Lumumba. ABAKO, PUNA ya watu wa Équateur na wengine walitaka nafasi zao. Wabelgiji walimpa kwanza Lumumba kazi ya kutafuta uwezekano wa serikali, kisha wakampa Kasa-Vubu kazi ya kuiunda. Jambo lilikatwa na bunge lenyewe: tarehe 21 Juni wabunge walimchagua Joseph Kasongo wa MNC kuwa spika wao kwa kura 74, na ikaonekana wazi ni upande gani wenye wingi. Lumumba akaunda serikali ya vyama vingi, ikapata kura 74 za wabunge, tano tu juu ya kiasi kilichohitajika. Kasa-Vubu akawa Rais wa nchi. Mshindi wa chama cha nchi nzima na mshindi wa chama cha lugha moja waliingia uhuru wakishikana mikono.

Umoja huo haukuchukua muda. Tarehe 5 Julai askari waliasi. Tarehe 11 Julai Tshombe wa CONAKAT alitangaza kuitenga Katanga, na Agosti Kalonji akaitenga Kasai ya Kusini. Lumumba alituma jeshi Kasai, na huko Bakwanga askari waliua raia wengi wa Kiluba. Mwandishi anayempenda Lumumba asiliruke jambo hilo. Waliokufa walikuwa wananchi ambao mwezi Mei nao walikuwa na kura, na serikali yao haikuwalinda.

Jioni ya tarehe 5 Septemba Kasa-Vubu alitangaza redioni kwamba amemfukuza Waziri Mkuu. Lumumba naye akatangaza kwamba amemfukuza Rais. Bunge lilikuwa bado lipo, likafanya kazi yake: tarehe 7 wabunge walifuta maamuzi yote mawili kwa kura 60 dhidi ya 19, na siku iliyofuata senati ikakataa kufukuzwa kwa Lumumba kwa kura 41 dhidi ya 2. Hadi hapo ugomvi ulikuwa bado ndani ya sheria, na ungeweza kumalizwa kwa hesabu. Tarehe 14 Septemba Kanali Mobutu, ambaye alikuwa mtu wa MNC na ambaye Lumumba mwenyewe alimpa cheo jeshini, alitangaza kwamba wanasiasa wote wamewekwa kando. Tangu siku hiyo kura hazikuhesabiwa tena.

Lumumba alizungukwa nyumbani kwake Léopoldville: askari wa Umoja wa Mataifa kwa ndani wakimlinda, askari wa Mobutu kwa nje wakimngoja. Usiku wa tarehe 27 Novemba alitoroka kwa gari kuelekea Stanleyville, ambako Antoine Gizenga, makamu wake, alikuwa anakusanya serikali iliyofukuzwa. Mtu anayekimbia kwa kawaida hukimbilia kwao. Lumumba alikuwa anapita karibu na kijiji alikozaliwa, lakini safari yake ilikuwa ya kuja huku, kwa watu waliomchagua. Alikamatwa tarehe 1 Desemba Lodi, kwenye kivuko cha mto Sankuru. Alifungwa Thysville, na tarehe 17 Januari 1961 alipelekwa Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, spika wa pili msaidizi wa senati. Waliuawa usiku ule ule. Mwezi uliofuata Finant naye aliuawa Bakwanga.

Juni 2022 jeneza lenye jino lake lilipitishwa Onalua na Kisangani kabla ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30. Watu walisema kwamba amerudi nyumbani. Kwa Onalua ni kweli kwa kuzaliwa. Kwa Kisangani ni kweli kwa kura.

Wenzangu katika kitivo huniambia kwamba tungekuwa na lugha moja ya nchi nzima vyama vyetu visingekuwa vya makabila. Maisha haya hayanionyeshi hivyo. CONAKAT na BALUBAKAT walisema Kiswahili kile kile cha Katanga, na hawakuelewana. Lugha ilimpa Lumumba njia ya kufika kwa watu. Kilichowafanya wamchague ni kwamba alipofika aliwazungumzia kama wananchi, na nyuma yake kulikuwa na chama chenye makaratasi, mikutano na wanachama mtaa kwa mtaa. Mji huu ulipima hayo, ukamchagua mtu ambaye si wa kabila lake, mara ya kwanza akiwa kifungoni, mara ya pili akiwa huru. Kazi ya mpiga kura ilifanywa vizuri. Iliyokosekana ni ile ya watu wenye bunduki kukubali hesabu, na tangu mwaka 1960 hiyo ndiyo kazi ambayo nchi yetu inaendelea kujifunza.