Jabir bin Hayyan na Dhahabu Iliyoyeyuka

Hayyan wa kabila la Azd alikuwa muuza dawa na manukato mjini Kufa. Husimuliwa kwamba alijiunga na harakati za kuwaondoa Bani Umayya, akaenda Khurasan, akakamatwa na kuuawa. Mwanawe Jabir, aliyezaliwa Tus karibu mwaka 721, akabaki yatima. Vitabu vyenye jina lake vinamtaja Imam Jaafar as-Sadiq kuwa mwalimu wake. Baadaye alipata hifadhi kwa mawaziri wa ukoo wa Barmaki, Baghdad, zama za Harun ar-Rashid. Mwaka 803 Khalifa alipowaangusha mawaziri hao, Jabir alirudi Kufa, akaishi kimya mpaka alipofariki karibu mwaka 815. Allah amrehemu.

Hata hivyo, Ibn an-Nadim, muuza vitabu wa Baghdad katika karne ya kumi, anaeleza kuwa zama zake tayari walikuwapo waliosema Jabir hakuwahi kuishi. Yeye aliwapinga. Majina ya maandiko anayohusishwa nayo yanakaribia 3,000, na hakuna mkono mmoja unaoweza kuandika yote hayo. Mimi naona alikuwapo, na wanafunzi wa wanafunzi wake wakaendelea kuandika kwa jina lake.

Ndani ya maandiko hayo kuna moto, mizani na vyombo vya kutonesha. Mna pia njia ya kupata nushadiri, ile chumvi inayochoma pua, kutokana na nywele na damu, na hakuna maelezo ya kale zaidi yanayojulikana ya kutoa kitu kama hicho katika viungo vya viumbe. Humo pia imo nadharia kwamba madini yote huzaliwa na zebaki na kibiriti, yaani salfa. Haikuwa sahihi, lakini ilidumu karne nyingi.

Katika mihadhara yetu husemwa Jabir ndiye aliyegundua maji ya kifalme, mchanganyiko wa asidi unaoyeyusha dhahabu. Tusimzulie, ndugu zangu. Maelezo tuliyo na hakika nayo yamo katika vitabu vya Kilatini vya karibu mwaka 1300, ambavyo Wazungu waliviandika wakajificha nyuma ya jina lake, Geber. Wao walitia nushadiri ndani ya asidi ya nitriki. Nushadiri hiyo ndiyo iliyotoka kwa watu wa Jabir, na kwangu heshima hiyo yatosha.

Sisi wa Arua na Koboko dhahabu si jambo la vitabuni tu. Vumbi la dhahabu kutoka machimbo ya kaskazini-mashariki mwa Kongo limekuwa likipita mpakani kwetu miaka mingi. Wachimbaji wadogo huinasa kwa zebaki, kisha huichoma zebaki hiyo, na mvuke wake huharibu mishipa ya fahamu na kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mgodi mkubwa wa Kibali, kule Durba, hutumia sianidi kuyeyusha dhahabu na mkaa maalumu kuinasa tena.

Kuyeyusha ni nusu ya kazi. Msafishaji anayetumia maji ya kifalme huirudisha dhahabu ikatuama chini, lakini kiasi kidogo hubaki majini na mara nyingi humwagwa pamoja na asidi. Hapo ndipo wanakemia wa leo wanapoingia na nyuzi za polima. Huchukua, kwa mfano, akriliki, jamii ileile inayofumiwa sweta, wakaipachika vikundi vya naitrojeni au salfa. Katika maji yenye asidi naitrojeni huvuta chembe za dhahabu zilizoshikana na klorini, na salfa huing'ang'ania dhahabu yenyewe, huku shaba na chuma nyingi zikiachwa zipite. Kisha uzi huoshwa kwa thiourea, dhahabu ikatoka, na uzi ukatumika tena.

Thiourea nayo ina salfa ndani yake. Jabir alikosea kudhani kibiriti huzaa dhahabu, ila kuviweka viwili hivyo pamoja hakukuwa mbali sana na ukweli.