Bibi Salme na fungu lake la urithi

Kila nikisikia ndugu wa tumbo moja wamefikishana mahakamani kwa sababu ya kodi ya nyumba ya marehemu babu yao, humkumbuka Bibi Salme binti Said wa Unguja. Wengi wetu twamjua kama binti wa Sultani aliyetoroka na Mjerumani, na kisa hicho cha mapenzi ndicho kilichompa jina. Mimi naona sehemu ya pili ya maisha yake, ile ya kudai fungu lake kwa nduguze, ndiyo inayotuhusu zaidi sisi watu wa Pwani wenye nyumba za urithi.

Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Maskati na Unguja. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi. Wasichana wa enzi hiyo walifundishwa kusoma Kurani lakini si kuandika. Salme alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia.

Seyyid Said alifariki baharini mwaka 1856 akitoka Oman, akaacha watoto wapatao 36. Mali yake binafsi iligawanywa kisheria, na watoto wa masuria walipata haki sawa na wengine. Salme, akiwa na miaka 12, alihesabiwa kuwa mtu mzima akakabidhiwa shamba lenye nyumba pamoja na fedha taslimu. Miaka mitatu baadaye mama yake alifariki kwa kipindupindu, akarithi mashamba mengine. Tusisahau kwamba utajiri huo wa karafuu ulitoka kwenye jasho la watumwa.

Kilichobaki bila mgao ulioeleweka ni utawala. Thuwaini alishika Maskati, Majid akashika Unguja, na Barghash akaona amepunjwa. Mwaka 1861 Waingereza waliamua kwamba Unguja ijitegemee, lakini ilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Miaka michache baadaye Majid akayasimamisha malipo hayo. Ukitazama vizuri, huo ni ugomvi ule ule wa ndugu mmoja kukalia nyumba na mwingine kungoja hesabu yake.

Barghash alipomwasi Majid mwaka 1859, Salme alikuwa na miaka 15 tu. Dada yake kipenzi, Khole, alimvuta upande wa Barghash, na kwa kuwa alijua kuandika, akawa karani wa waasi. Uasi ulizimwa kwa msaada wa Waingereza na Barghash akapelekwa Bombay. Salme akajitenga shambani Kizimbani. Baadaye alipatana na Majid, hata akakubali kumwachia balozi wa Uingereza nyumba aliyokuwa akikaa Bububu, kwa ombi la Majid. Khole na Barghash hawakulipenda jambo hilo.

Mwaka 1866, akiwa mjamzito wa mfanyabiashara Heinrich Ruete, jirani yake mjini, aliondoka Unguja kwa manuari ya Kiingereza hadi Aden. Huko, mwaka uliofuata, alibatizwa kwa jina la Emily, akafunga ndoa, wakaenda Hamburg. Mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu akafa, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi isiyo yake. Mwaka huo huo Majid alifariki na Barghash akawa Sultani.

Hapo ndipo madai yalipoanza. Tangu aondoke, nduguze kadhaa walikuwa wamekufa na mali zao kugawanywa bila yeye kuhesabiwa. Barghash alikuwa na hoja nzito ya kisheria: aliyetoka katika Uislamu hawarithi Waislamu. Lakini mbali na hukumu ya sheria, hakumpa hata jibu la ndugu kwa dada. Barua zilikwenda, majibu hayakuja.

Mwaka 1875 Barghash alizuru London. Salme alisafiri kwenda huko ili aonane naye. Sir Bartle Frere akamshauri asimsumbue mgeni wa serikali, na kwa malipo yake watoto wake wangesaidiwa. Alikubali. Sultani alipokwisha kuondoka, akaambiwa kwamba yeye sasa ni raia wa Ujerumani, kwa hiyo Uingereza haimhusu.

Agosti 1885 manuari za Bismarck zilitia nanga mbele ya jumba la Barghash, zikimtaka akubali himaya ya Wajerumani bara na aondoe askari wake Witu, huku kwetu jirani na Lamu. Salme aliletwa katika msafara huo, na madai yake ya urithi yakawa kisingizio kizuri. Barghash alisalimu amri kuhusu ardhi, na Wajerumani walipopata walichokitaka, hawakuwa na haja tena na fungu la Salme. Alirudi mikono mitupu. Alijaribu tena mwaka 1888, baada ya Barghash kufariki na Khalifa kushika kiti, akaambulia patupu.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walimpimia Sultani ukanda wa maili kumi wa Pwani. Tangu 1895 Waingereza wakaukodi ukanda wetu kwa pauni 11,000 kwa mwaka. Ndugu walikuwa hawasemezani, na wageni wakaandikiana mikataba.

Salme aliishi miaka mingi Beirut, akafariki Jena, Ujerumani, mwaka 1924. Mwishoni mwa maisha yake Unguja ilimpa posho ndogo. Inasimuliwa kwamba alizikwa na kifuko cha mchanga wa Unguja.

Nayaeleza haya kwa sababu katika ukoo wangu kuna nyumba Mji wa Kale, maduka mawili chini na wapangaji juu. Hati ingali kwa jina la babu aliyefariki kabla sijazaliwa. Aliacha warithi saba. Leo, ukihesabu watoto na wajukuu wa waliokwisha kufa, tumepita arobaini. Ami anayekusanya kodi husema yote yameishia kwenye paa na bomba. Huenda ni kweli, lakini hakuna aliyeona daftari. Shangazi zetu huambiwa wameolewa, wana waume wa kuwatazama. Walioko Ghuba huambiwa wana pesa. Na mmoja wetu, kwa hasira, ameanza kuzungumza na dalali.

Huyo dalali ndiye ninayemwogopa. Mgeni aingiaye katika ugomvi wa ndugu haji kwa ajili ya fungu la aliyemwita. Akishanunua sehemu moja ataomba nyumba nzima iuzwe, na mahakama itakapomaliza, wapangaji watakuwa na mwenye nyumba mwingine.

Dawa yake si ngumu. Mali bila daftari hupotea bila habari, basi kila shilingi ya kodi na kila mfuko wa saruji uandikwe, na hesabu isomwe mbele ya warithi wote, wake kwa waume, walioko na walio mbali. Mwenye kukusanya alipwe ujira unaojulikana badala ya kujilipa kimya kimya. Kisha ukoo uende kwa Kadhi kupata orodha ya warithi na mafungu yao wakati wazee wanaozijua nasaba wangali hai. Mkiamua kuiacha nyumba bila kuigawa, amueni kwa maandishi, na kwa muda maalumu. Aliyeandika barua akaulize haki yake ajibiwe, hata kama jibu ni kwamba hana.