Fausto Coppi: Bingwa wa Milima Aliyeangushwa na Mbu

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Wapenzi wasomaji, nataka kuwasimulia maisha ya mtu ambaye milima mirefu ya Ulaya ilimshindwa, lakini akaja kuuawa na mdudu mdogo asiyejaza hata ukucha. Mtu huyo ni Fausto Coppi, mwendeshaji baiskeli wa Italia. Sisi wanafunzi wa shule ya kutwa, hasa tunaonyonga baiskeli kila asubuhi hapa nyanda za juu za Uasin Gishu, tuna sababu mbili za kumjua. Ya kwanza ni baiskeli yenyewe. Ya pili mtaiona huko mbele.

Coppi alizaliwa tarehe 15 Septemba 1919 katika kijiji cha Castellania, kwenye vilima vya kaskazini mwa Italia. Wazazi wake walikuwa wakulima wa kawaida tu. Hakuwa mtoto wa miraba minne. Alikuwa mwembamba kama ufito, kifua kimetokeza mbele na miguu mirefu kama ya korongo. Lakini mpandishe juu ya baiskeli, basi! Alikuwa mtu mwingine kabisa.

Akiwa bado kijana mdogo aliacha shule, akaandikwa kazi na mwenye bucha katika mji wa Novi Ligure. Kazi yake ilikuwa kuwapelekea wateja nyama kwa baiskeli. Vijana kama hao tunawajua, maana hapa kwetu tunapishana nao alfajiri wakiwa wamebeba mikebe ya maziwa. Kazi hiyo ndiyo iliyomkomaza miguu. Hapo mjini alikutana na Biagio Cavanna, mzee aliyekuwa akiwachua misuli waendeshaji baiskeli. Cavanna alikuwa kipofu. Hakumwona Coppi akipanda mlima hata siku moja, lakini kwa kupapasa misuli yake kwa vidole alijua kwamba kijana huyu ni dhahabu.

Mwaka wa 1940, Coppi aliingia katika mashindano ya Giro d'Italia, ambayo huizunguka Italia kwa muda wa majuma matatu hivi. Alikuwa na umri wa miaka 20 tu, na aliletwa ili amsaidie bingwa Gino Bartali. Kumbe mipango si matumizi! Bartali alianguka mapema akaumia. Coppi akaiparamia milima, akaibuka mshindi. Hakuna mshindi mwingine wa Giro aliyewahi kuwa mdogo kuliko yeye. Mashindano yalikwisha tarehe 9 Juni, na kesho yake Italia ikaingia vitani.

Vita vile vilimla miaka yake ya ujana. Mwaka wa 1942 aliwahi kuvunja rekodi ya dunia ya mwendo wa saa moja katika uwanja wa Vigorelli huko Milan, akapita kilomita 45. Rekodi hiyo ilikaa miaka 14. Mwaka uliofuata, 1943, akiwa askari huko Tunisia, alitekwa na Waingereza akafungwa kama mateka wa vita. Wengi wangekata tamaa. Yeye alirudi nyumbani vita vilipokuwa vikiisha, akapanda baiskeli yake tena.

Sasa nisikilizeni vizuri. Siku ambayo haitasahaulika ni tarehe 10 Juni 1949. Siku hiyo waendeshaji wa Giro walitakiwa kutoka Cuneo hadi Pinerolo, kilomita 254, huku wakivuka milima mitano: Maddalena, Vars, Izoard, Monginevro na Sestriere. Izoard peke yake ni mita 2,360 juu ya bahari, karibu sawa na Iten. Tofauti ni kwamba wao walipanda huko, wakateremka mpaka bondeni, kisha wakaanza kupanda tena, na tena. Barabara nyingi za milimani wakati huo zilikuwa za changarawe na matope. Mwendeshaji alijifunga tairi ya akiba mabegani, na ikitoboka aliyovaa, anabadilisha mwenyewe kando ya njia.

Coppi alichomoka kwenye mlima wa kwanza. Jamani, mlima wa kwanza! Zilikuwa zimebaki kilomita kama 192, naye akazinyonga zote peke yake. Alipita Casse Déserte, mahali pa ajabu karibu na kilele cha Izoard. Pale hakuna mti. Kuna kokoto tupu zinazoporomoka, na nguzo za mawe zilizosimama kama vichuguu vikubwa. Nyuma yake Bartali alikuwa akimfukuza kwa nguvu zake zote, lakini alifika Pinerolo dakika 11 na sekunde 52 baada ya Coppi. Hiyo si mbio ya kushindwa kwa pua!

Hata hivyo hakuwa mtu wa majivuno. Mwezi uliofuata walikutana tena kwenye Izoard, safari hii katika Tour de France. Bartali alikuwa akitimiza miaka 35 siku hiyo. Coppi akamwachia mkubwa wake ashinde, kisha kesho yake akashinda yeye. Mwaka huo akawa mtu wa kwanza kushinda Giro na Tour kwa mwaka mmoja.

Dunia nayo haikumwachia raha. Tarehe 29 Juni 1951, ndugu yake mdogo, Serse, aliyekuwa mwendeshaji pia, alianguka mashindanoni akafa siku hiyo hiyo. Coppi alikwenda Tour akiwa na msiba moyoni. Aliteseka vibaya, lakini Izoard ilipofika alishinda siku hiyo. Mwaka wa 1953 alipanda Stelvio, mita 2,758, urefu unaokaribiana na Timboroa. Hapo alimwacha Hugo Koblet wa Uswisi, akanyakua Giro yake ya tano.

Basi, Desemba 1959 Coppi na wenzake walialikwa Upper Volta, nchi ambayo sasa inaitwa Burkina Faso. Walishindana Ouagadougou na kwenda kuwinda. Coppi alilala chumba kimoja na rafiki yake Raphaël Géminiani wa Ufaransa. Mbu hawakubagua, waliwauma wote wawili. Waliporudi makwao kila mmoja alishikwa na homa kali. Huko Ufaransa damu ya Géminiani ilipimwa, ikaonekana ni malaria. Akapewa kwinini akapona. Huko Italia madaktari walidhani Coppi ana ugonjwa wa kifua. Alikufa mjini Tortona tarehe 2 Januari 1960, akiwa na miaka 40. Géminiani aliishi mpaka mwaka wa 2024, akafa akiwa na miaka 99. Chumba kimoja, mbu wale wale, na tofauti ni tone moja la damu.

Hiyo ndiyo sababu ya pili niliyowaahidi. Sisi watu wa nyanda za juu hupenda kusema ati malaria ni ya Kisumu na Pwani. Mjomba wangu, dereva wa lori, alitoka Busia akitetemeka, na jirani zote wakasema ni baridi ya Timboroa imemwingia. Siku ya nne ndipo shangazi alipomburura zahanati akapimwa. Alipona, lakini ilikuwa bado kidogo tu. Miili yetu haijazoea malaria, kwa hivyo ikitushika hutushika vibaya.

Tangu mwaka wa 1965, mahali pa juu zaidi katika kila Giro huitwa Cima Coppi, yaani kilele cha Coppi. Ni heshima kubwa. Lakini wewe msomaji mwenzangu, ukirudi likizoni kutoka Kerio, Ziwani au Pwani, na mwili ukaanza kuwaka, usinywe chai ya tangawizi ukangoja. Mwambie daktari ulikotoka, upimwe damu siku hiyo hiyo.