Jimmy Hogan: Mwalimu wa Kandanda Aliyelipwa Soksi

Ndugu wahitimu wenzangu, na ninyi vijana mliopo shuleni hivi sasa, mhariri aliponitaka niandike maisha ya mtu mashuhuri kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu, wenzangu walidhani nitaandika juu ya mashujaa wa Vita vya Majimaji. Hao wanaandikwa na watu wanaowajua vizuri kuliko mimi. Mimi nimemchagua Mwingereza mmoja, mcheza mpira aliyegeuka mwalimu wa mpira, aliyefariki mwaka 1974. Nina deni linalonifanya nimwandike, nalo nitalieleza mwishoni.

Jina lake nililisikia mara ya kwanza hapa hapa Matogoro, nikiwa kidato cha pili, kutoka kwa mwalimu wetu wa michezo. Waliosoma nami watakumbuka jinsi alivyotupanga mbele ya ukuta wa stoo, kila mmoja apige mpira ukutani kwa mguu wa kulia mara ishirini, wa kushoto mara ishirini, autulize, apige tena. Sisi tulitaka mechi. Tulitaka kubutua mpira uteremke na kile kiwanja chetu chenye mteremko, nasi tuukimbilie. Jioni moja ya mvua, wingu limeufunika mlima nasi tumejibanza barazani, alitusimulia habari za Jimmy Hogan. Wengi wetu tulicheza pekupeku, kwa hiyo alipofika mahali ambapo Mwingereza huyo alivua viatu mbele ya Wajerumani, tulicheka na kudhani ametunga. Miaka mingi baadaye nilisoma habari hizo mwenyewe, nikaona hakutunga kitu.

James Hogan alizaliwa tarehe 16 Oktoba 1882 katika mji wa Nelson, jimbo la Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, akakulia Burnley, mji wa viwanda vya nguo. Wazazi wake walikuwa Wakatoliki wenye asili ya Ireland, na walitamani kijana wao awe padre. Walimpeleka chuo cha Mtakatifu Bede, Manchester, akasoma hapo mpaka akamaliza. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye mpira.

Akiwa mchezaji wa Burnley, ilitokea siku moja mazoezini akapiga mpira ukapaa juu ya goli. Alimwendea meneja wake kumwuliza kosa lake lilikuwa wapi: je, ni namna alivyoweka mguu, au ni mwili kuelemea nyuma? Meneja alimjibu kwamba aendelee kujaribu tu, na akipata moja katika kumi atakuwa amefanya vizuri. Jibu hilo halikumridhisha. Tangu siku hiyo alianza kujifunza mpira kama mtu anavyojifunza hesabu, akitafuta sababu ya kila kosa. Uingereza ya siku zile iliamini kwamba mchezaji huzaliwa, hafundishwi. Mazoezi yalikuwa kukimbia kuuzunguka uwanja, na mpira wenyewe ulifichwa, eti wachezaji wawe na njaa nao siku ya mechi.

Alihamia Fulham ya London, na huko alicheza pamoja na Waskochi waliojua pasi fupi za chini. Mwaka 1908 timu hiyo ilifika nusu fainali ya Kombe la Chama cha Soka. Ilifungwa mabao 6 kwa 0 na Newcastle, lakini Hogan alikuwa amekwisha kuona namna anayotaka mpira uchezwe. Baadaye akiwa Bolton Wanderers walikwenda kutembea Uholanzi, wakaifunga timu ya Dordrecht mabao 10 kwa 0. Wenzake walirudi nyumbani wakicheka. Yeye aliapa kwamba atarudi kuwafundisha wale waliofungwa, na mwaka 1910, akiwa na umri wa miaka 27 tu, akarudi kweli kuwa mwalimu wao. Wengi wa wachezaji wake walikuwa wanafunzi wa vyuo, watu waliozoea kuuliza maswali, nao wakawa tayari kufundishwa.

Mwaka 1912 Hugo Meisl, kiongozi wa kandanda ya Austria, alimwita Vienna kuiandaa timu ya taifa kwa Michezo ya Olimpiki ya Stockholm. Huko Austria iliwafunga Wajerumani mabao 5 kwa 1, kisha ikatolewa na Uholanzi, nchi ile ile ambako Hogan alianzia ualimu. Hogan na Meisl waliwaza mpira kwa namna moja: mpira utembee chini, apewe mtu aliye wazi, na anayeupokea autulize kwa mguso mmoja kabla adui hajafika.

Agosti 1914 Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta Vienna na mkewe na watoto. Kwa kuwa alikuwa Mwingereza katika nchi ya adui, polisi walimkamata. Familia yake iliruhusiwa kurudi Uingereza mwaka 1915, yeye akabaki. Ndugu wawili Waingereza waliokuwa na duka kubwa mjini humo walimdhamini, naye akaishi kwao akiwafundisha watoto wao mchezo wa tenisi. Mwaka 1916 kiongozi mmoja wa klabu ya MTK ya Budapest, Hungaria, alifanikiwa kumpata ahamie huko kufundisha mpira, kwa sharti la kuripoti polisi. Ndugu zangu, vita hiyo hiyo ilifika mpaka kwetu. Katika mwaka huo wa 1916 Waingereza waliichukua Songea kutoka kwa Wajerumani, na babu zetu wakabebeshwa mizigo ya majeshi ya pande zote mbili. Wakati huo Mwingereza huyu, mateka asiye na kosa, alikuwa akiwafundisha vijana wa nchi ya adui namna ya kutuliza mpira.

Wachezaji wengi wa MTK walikuwa wameitwa jeshini, kwa hiyo ilimbidi awatafute vijana. Katika bustani moja ya Budapest aliwaona wavulana wawili wakicheza, György Orth na József Braun, akawachukua na kuwafundisha kila walipotoka shule. Wote wawili walikuja kuwa wachezaji wakubwa wa taifa lao. MTK ilitwaa ubingwa wa Hungaria mara tisa mfululizo, tangu 1917 mpaka 1925. Hogan mwenyewe aliondoka vita ilipokwisha, lakini mbegu ilikuwa imekwisha pandwa.

Alirudi Uingereza akiwa hana kitu. Aliambiwa kwamba Chama cha Soka cha Uingereza kina fungu la kuwasaidia wachezaji walioathirika na vita, akafunga safari mpaka London kuomba. Katibu wa chama, Frederick Wall, hakumpa fedha. Alimpa jozi tatu za soksi za kaki, akimweleza kwamba vijana waliokuwa vitani walizifurahia sana soksi za namna hiyo. Maana yake ilieleweka: wenzako walikuwa wakifa, wewe ulikuwa ukicheza mpira na adui. Hogan alikwenda kufanya kazi katika kampuni ya tumbaku Liverpool, na hakuisahau siku ile maisha yake yote.

Nchi za nje hazikumwacha akae. Alifundisha Uswisi, na mwaka 1924 alikuwa miongoni mwa walimu watatu walioiandaa timu ya nchi hiyo iliyopata medali ya fedha katika Olimpiki ya Paris. Alirudi Budapest kwa muda, kisha akaingia Ujerumani na kufundisha Dresden. Huko ndiko yalikotokea yale tuliyoyacheka barazani. Siku moja alikuwa akitoa mhadhara mbele ya wachezaji, na Kijerumani chake kilikuwa kibovu, watu wakaanza kunong'ona na kucheka. Wakati wa mapumziko alikwenda kuvaa jezi yake ya zamani ya Bolton, akarudi, akavua viatu na soksi. Akaupiga mpira kwa mguu mtupu, akilenga ubao uliokuwa umbali wa kama mita kumi na tano. Ubao ukapasuka vipande viwili, wala hakuna aliyecheka tena. Katika mji huo wa Dresden kulikuwa na kijana aliyeitwa Helmut Schön, aliyejifunza kwake. Kumbukeni jina hilo.

Desemba 1932 Hogan alikuwa pamoja na Meisl wakati Austria ilipokwenda London, ikafungwa na Uingereza mabao 4 kwa 3 tu, na wengi waliona kwamba wageni ndio waliotandaza kandanda safi zaidi. Ndipo Fulham ikamwita nyumbani awe meneja mwaka 1934. Lakini wachezaji wakubwa hawakutaka kufundishwa mambo waliyodhani wanayajua, na klabu ikamwachisha kazi akiwa bado hospitalini baada ya operesheni. Alirudi Austria, akaipeleka fainali ya Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, ikafungwa na Italia mabao 2 kwa 1. Mwaka huo huo Aston Villa ya Birmingham ilimchukua, na mwaka 1938 akaipandisha kutoka daraja la pili ikiwa bingwa. Vita ya pili ikavunja kazi hiyo. Baada ya vita alifundisha Celtic ya Scotland, kisha akarudi Villa kuwalea vijana.

Tarehe 25 Novemba 1953, akiwa mzee wa miaka 71, alikwenda uwanja wa Wembley pamoja na vijana wake wa Villa kutazama Uingereza ikicheza na Hungaria. Uingereza ilikuwa haijapata kufungwa nyumbani na timu yoyote kutoka nje ya visiwa vyake. Hungaria ilishinda mabao 6 kwa 3. Hidegkuti, aliyefunga matatu, alitoka katika klabu ile ile ya MTK, ingawa wakati huo ilikuwa imebadilishwa jina. Baada ya mechi kiongozi wa chama cha kandanda cha Hungaria, Sándor Barcs, alieleza kwamba yote wanayoyajua katika mpira walifundishwa na Jimmy Hogan. Waingereza wengi walishangaa, maana hawakumjua mtu huyo, naye alikuwa ameketi pale pale jukwaani.

Hogan alifariki Januari 1974, akiwa na miaka 91. Chama cha soka cha Ujerumani Magharibi kilimwandikia mwanawe kumshukuru marehemu kama mwanzilishi wa kandanda ya kisasa nchini mwao. Julai ya mwaka huo Ujerumani Magharibi ilitwaa Kombe la Dunia, na mwalimu wa timu hiyo alikuwa Helmut Schön.

Sasa deni langu. Majimaji ya Songea ilipochukua ubingwa wa Muungano mwaka 1985 na tena 1986, tuliwabeba wafungaji mabegani. Sikumbuki aliyeuliza ni nani aliyewafundisha wakiwa watoto. Mwalimu wetu wa ukuta wa stoo alistaafu, akaenda kuishi kijijini kwake, mwendo wa nusu siku kwa basi. Mara tatu katika mikutano yetu tulipanga kumwalika, na mara tatu tuliahirisha kwa sababu mchango haukutimia. Nami nilikuwa katika kamati. Alipofariki tulituma rambirambi, na nilipopiga hesabu niliona kwamba tulichotuma kilikaribia bei ya jozi tatu za soksi.

Kwa hiyo natoa pendekezo kwa mkutano huu. Kila darasa lililohitimu litaje mwalimu wake mmoja aliye hai, na mwaka ujao gari liende kumchukua, iwe mchango umetimia au haujatimia. Nanyi vijana mliopo, mwalimu akiwaambia mpige mpira ukutani mara ishirini kwa mguu wa kushoto, pigeni.

Nawatakia nyote mkutano mwema.