Karani wa Tanga: Maisha ya Martin Kayamba

Mwaka 1931 Mtemi Makwaia wa Usiha, Shinyanga (mkoa uliokuwa wetu kabla Simiyu haijaanzishwa mwaka 2012), alivuka bahari kwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Iliulizwa kama Kenya, Uganda na Tanganyika ziunganishwe. Wengi waliogopa kwamba walowezi wa Kenya wangeitawala nchi yetu. Pamoja na Mtemi walikwenda Francis Lwamugira wa Bukoba na karani mmoja wa serikali kutoka Tanga. Huyo karani ndiye ninayetaka kumsimulia.

Aliitwa Hugh Martin Thackeray Kayamba, Mbondei, aliyezaliwa mwaka 1891 Mbweni, Unguja, mahali ambapo misheni ya UMCA iliwapa makazi watumwa waliokombolewa. Thackeray lilikuwa jina la Bibi Caroline Thackeray, mkuu wa shule ya wasichana hapo. Bibi huyo alikuwa na udugu na mtunzi Mwingereza, William Thackeray, ambaye katika riwaya zake aliwacheka watu wanaojikweza kwa adabu za kuazima. Jina hilo lilimfuata vizuri, maana Martin naye alipata taabu ya namna hiyo: Mwafrika aliyesoma akae na nani, na kwa adabu za nani?

Baba yake alikuwa mwalimu, naye alisomeshwa Uingereza. Martin alisoma Kiungani, kisha akafanya kazi Kenya, Uganda na Unguja. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walimfunga, akatoka kifungoni Tabora Wabelgiji walipouteka mji mwaka 1916. Mwaka uliofuata akawa karani wa Waingereza, Tanga.

Huko, mwaka 1922, alianzisha chama cha Waafrika watumishi wa serikali. Walikuwa na chumba cha kusomea magazeti, timu ya mpira na masomo ya jioni. Msidharau mambo hayo. Klabu za Wazungu hazikumfungulia karani mlango, na kijijini alihesabiwa mtu wa serikali. Hapa alipata kiti chake mwenyewe. Tena Waislamu na Wakristo walikaa humo pamoja, wala hakuna aliyeulizwa kabila lake. Wanahistoria hukiona chama hicho kuwa mtangulizi wa African Association ya mwaka 1929, iliyozaa TANU mwaka 1954.

Muungano uliojadiliwa London haukufanyika. Kayamba aliporudi aliandika kitabu, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilichotoka mwaka 1932. Mwaka huohuo alihamishiwa makao makuu ya serikali, Dar es Salaam, kwa cheo ambacho Mwafrika hakuwahi kukishika kabla yake. Kwa maoni yangu heshima ile ilimgharimu. Chama cha Tanga kilififia bila yeye, na kule Dar es Salaam alikuwa peke yake: juu ya makarani wenzake, lakini si mwenzao wakubwa wa Kizungu.

Alifariki mwaka 1939. Vitabu vyake viwili vilitolewa mwaka 1948, kimoja juu ya safari ya Ulaya na kingine juu ya matatizo ya Waafrika. Vyote viliandikwa kwa Kiingereza, hata wengi waliokaa naye katika kile chumba cha magazeti cha Tanga wasingeweza kuvisoma kwa urahisi.