Fritz Haber: mtu aliyetoa mbolea hewani

Msimu wa kupanda ukikaribia, simu nyingi zinazoingia studioni kwetu huwa za mbolea. DAP imefika? Urea mfuko mmoja bei gani? Ni nadra msikilizaji kuuliza urea yenyewe hutoka wapi. Huanzia hewani, na aliyefungua njia hiyo ni mkemia Mjerumani, Fritz Haber, mtu ambaye maisha yake ni vigumu kuyasimulia bila kusitasita.

Alizaliwa Desemba 9, 1868 mjini Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Mama yake alifariki wiki tatu tu baada ya kujifungua. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa rangi. Walikuwa Wayahudi, lakini Haber alibatizwa mwaka 1892, zama ambazo Myahudi alipata shida kupanda cheo katika vyuo vya Ujerumani. Miaka miwili baadaye akapata kazi katika chuo cha Karlsruhe.

Ulaya wakati huo ilikuwa na hofu ya njaa. Mwaka 1898 mwanasayansi Mwingereza William Crookes alionya kwamba walaji wa ngano walikuwa wakiongezeka kuliko mbolea. Mashamba yalitegemea samadi, pamoja na chumvi ya naitreti iliyochimbwa katika jangwa la Chile na kuletwa kwa meli. Akiba ile ingekwisha siku moja. Ajabu ni kwamba asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, kirutubisho kilekile kilichotafutwa, ila atomi zake zimeshikana mbili mbili kwa nguvu kiasi kwamba ngano au mahindi hayawezi kuitumia.

Haber alitaka kuiunganisha na haidrojeni ili apate amonia. Moto ukiwa mdogo, kazi haiendi. Ukizidi, amonia huvunjika tena. Akaongeza mgandamizo mkubwa, karibu mara 200 ya ule wa hewa ya kawaida. Kilichobaki kilikuwa kichocheo. Mimi nilisoma utangazaji, si kemia, kwa hiyo naieleza hivi: kichocheo ni mshenga. Huzikutanisha pande mbili ambazo peke yao zisingeelewana, ndoa ikifungwa yeye haolewi wala haoi, anakwenda kushughulikia posa nyingine.

Mshenga wa Haber alikuwa osmiamu, metali adimu sana. Julai 2, 1909 aliwaita wataalamu wa kampuni ya BASF waje kushuhudia. Mtambo, uliotengenezwa na msaidizi wake Robert Le Rossignol, ulileta hitilafu, na mhandisi Carl Bosch akaondoka kabla haujatengemaa. Alwin Mittasch alibaki, akaona amonia ikidondoka tone kwa tone.

Hapo ndipo hesabu za uchumi zilipoingia. Metali isiyopatikana haiwezi kulisha mashamba ya bara zima, hivyo Mittasch na wenzake wakajaribu maelfu ya michanganyiko hadi wakapata chuma, kitu cha bei nafuu, kilichochanganywa na viambato vichache. Septemba 1913 kiwanda cha Oppau kikaanza kazi. Inakadiriwa kwamba karibu nusu ya watu duniani leo wanakula chakula kinachotokana na mbolea ya njia hii.

Mwaka uliofuata vita vikazuka. Uingereza ikaziba njia za meli, chumvi ya Chile ikakatika, na amonia ikageuzwa malighafi ya baruti. Haber hakuridhika na hilo. Alisimamia mwenyewe maandalizi ya gesi ya klorini, na Aprili 22, 1915, huko Ypres, Ubelgiji, zaidi ya tani 150 zilifunguliwa zikapeperushwa na upepo hadi kwenye mahandaki ya adui. Hakulazimishwa. Kwangu mimi, hapo ndipo utetezi wake unapokwama.

Mke wake, Clara Immerwahr, naye alikuwa daktari wa kemia, mwanamke wa kwanza kupata shahada hiyo katika Chuo Kikuu cha Breslau. Mei 2, siku chache baada ya Ypres, alijiua kwa bastola ya mumewe. Sababu inabishaniwa hadi leo. Mtoto wao, Hermann, alikuwa na miaka 12. Haber aliondoka kwenda uwanja wa vita wa mashariki.

Tuzo ya Nobel ya mwaka 1918 alipewa yeye kwa ajili ya amonia, na wapo waliokasirika. Taasisi yake ya Berlin iliendelea na utafiti wa dawa za kuua wadudu maghalani. Katika kazi hizo ndimo ilimotoka Zyklon B, ambayo Wanazi waliitumia baadaye kuua watu makambini, wakiwemo ndugu wa Haber. Hakuishi kuyaona. Mwaka 1933 serikali ya Hitler iliamuru wafanyakazi Wayahudi waondolewe. Yeye angeweza kubaki kwa sababu ya utumishi wake vitani, lakini alijiuzulu kuliko kuwafukuza wenzake. Alikwenda Cambridge kwa muda, na Januari 29, 1934 moyo ukamsimama akiwa Basel, Uswisi.

Aliacha wosia kwamba azikwe pamoja na Clara. Hermann aliyahamisha majivu ya mama yake kutoka Berlin, na wote wawili wapo katika makaburi ya Hörnli, Basel.